Kaunti ya Nairobi imepunguza kaboni kiasi gani kufikia sasa? Niko na kikao Alhamisi

ploti_ya_kona

Habari zenu wasee. Mimi ni mkaazi wa Umoja, juzi nimeingizwa kamati ya wakaazi (kusema ukweli hakuna mwingine alitaka) na Alhamisi kuna kikao cha wananchi kutoa maoni ya bajeti pale kwa holi ya wadi. Mwenyekiti amenipatia mazingira, ati juu mimi ndio napenda kusomasoma. Sasa nimekaa na simu tangu saa kumi natafuta kitu kimoja tu. Kaunti yetu iko na mpango mkubwa wa tabianchi wa 2020 mpaka 2050, ulisema itapunguza gesi chafu hadi jiji lisiwe linaongeza joto la dunia, na miaka kadhaa imeshaenda. Imepungua kiasi gani? Napata picha za wakubwa wakipanda miti, napata picha za semina hotelini, napata "tumejitolea", "tumeweka mikakati". Nambari siioni. Ama ni mimi sijui kutafuta?

Alafu kuna swali la pili naona ni la kijinga kidogo lakini wacha niulize. Kaunti inapunguza aje moshi wa matatu kama matatu si zake? Sitaki kusimama niulize kitu si kazi yao halafu nikalishwe chini mbele ya majirani, hao watu nitakutana nao kwa kiosk kesho yake.

karani_wa_takwimu

Ploti ya kona, hilo unaita la kijinga ndilo swali lenyewe.

Anza hapa. Ule mpango ulitengenezwa na kaunti kwa msaada wa C40, ule muungano wa majiji makubwa ya dunia ambao Nairobi ni mwanachama. Walianza kwa kuhesabu, jiji linatoa gesi kiasi gani na zinatoka wapi, wakapata vyungu vitatu: usafiri (hicho ndicho kikubwa), nishati inayotumika kwa nyumba, maofisi na viwanda, halafu takataka. Hesabu ya namna hiyo ni kama kupima mtoto kliniki. Ukimpeleka mara moja wakaandika kilo zake kwa kadi, bado huna habari kama anakua ama anakonda, lazima umrudishe kwa mizani ileile. Kwa hivyo swali la kuuliza Alhamisi sio "mmefanya nini", hilo watakujibu mpaka jua lizame, watakuhesabia miche, semina, kamati za wadi na fulana. Uliza: "Tangu ile hesabu ya kwanza mmepima tena lini, na chungu gani kimepungua?" Miche elfu kumi ni kazi imefanyika, sawa, lakini si tani zimepungua, na nusu ya hiyo miche ilikauka Januari tukiangalia.

Sasa mambo ya kazi ya nani. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Kaunti imepewa takataka na madampo, imepewa kuzuia uchafuzi wa hewa, barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na paking. Serikali kuu imebaki na sera ya nishati, barabara kuu na reli. Kwa hivyo Thika Road si ya kanjo (yaani kaunti), treni ya Embakasi Village si ya kanjo, Olkaria kwenye mitambo ya stima ya mvuke si ya kanjo. Lakini vyote vinaingia kwa hesabu ya Nairobi, juu moshi unatokea ndani ya mpaka ama stima inatumika ndani ya mpaka. Hiyo ndiyo sababu utaona kaunti inaweza kupongezwa kwa kitu haikufanya na ikalaumiwa kwa kitu haina mamlaka nacho.

Mfano mzuri ni stima. Karibu asilimia 90 ya stima inayozalishwa Kenya inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji ya Tana, upepo wa Turkana na jua kidogo. Ukiwasha taa Umoja kaboni yake ni ndogo sana ukilinganisha na mtu wa Johannesburg, wao wanachoma makaa ya mawe. Hiyo ni sifa ya watu wa kuzalisha stima ya mvuke tangu miaka ya 80, si ya City Hall.

dere_bila_clutch

😂😂 eti fulana. Hapo umegonga ndipo.

Mimi niongelee hicho chungu cha kwanza juu niko ndani yake kila siku kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Nimeendesha matatu za dizeli miaka kumi na mbili, sai karibu mwaka mmoja naendesha basi la stima. Ile gari yangu ya mwisho ya dizeli, siti 33, ilikuwa inakunywa kama lita 40 kwa siku kukiwa na jam ya kawaida, na unajua jam yetu, umesimama Jogoo Road injini inanguruma unachoma mafuta ya tajiri (mwenye gari) ukiangalia mtu wa miguu akikupita, anaenda, anapotea. Hii ya stima ukisimama imenyamaza. Siku za kwanza nilikuwa nadhani imezimika nasukuma swichi kila saa, makanga ananicheka.

Lakini mtu asikudanganye kaunti ndio ilileta hizi gari. BasiGo walianza na mabasi mawili 2022, ni kampuni, pesa za kampuni. Tajiri analipia betri kwa kilomita, hanunui yote mara moja, hapo ndipo matajiri walianza kusikia lugha. Kitu kingine kilisaidia ni bei ya stima ya magari, iliwekwa Aprili 2023, Sh16 kwa uniti na usiku ikashuka hadi Sh8 kabla ya makodi, ndio maana tunachaji usiku. Hiyo nayo si kanjo, ni EPRA, wale wasimamizi wa bei za nishati wa serikali kuu.

Mahali kanjo angesaidia ni hapa: tupatieni pa kuchaji na pa kusimama. Nikitoka dipo mbali nakuja tupu bila abiria, kilomita zile tajiri analipa bure. Stendi zina mama mboga, zina mitumba, zina wale wa kuita watu, hazina soketi hata moja. Ardhi ya stendi ni ya nani? Hapo ndio uliza mwanakamati.

karani_wa_takwimu

Dere asante, wacha nikufanyie hesabu. Lita moja ya dizeli ikichomwa inatoa karibu kilo 2.7 za kaboni, unaona lita moja inazidi kilo mbili za gesi, watu hukataa lakini ni kweli, mafuta yanajiongezea oksijeni ya hewani. Lita 40 ni kama kilo 108 kwa siku. Ukifanya kazi siku 300 ni tani 32 kwa gari moja. Basi la stima kwa gridi yetu linatoa kipande kidogo tu cha hiyo. Sasa piga mara maelfu ya matatu zilizoko hapa, ndio ujue kwa nini chungu cha usafiri ni kikubwa hivyo na pia ujue mabasi machache mazuri ya kupigia picha bado hayajatikisa chungu.

NjeYaMfumo

Mnajisumbua bure. Kenya nzima haifiki hata asilimia moja ya gesi za dunia, haifiki hata nusu ya hiyo. Marekani na Uchina wanachoma, sisi ndio tunafanyishwa semina. Septemba 2023 si walikuja hapa KICC mkutano wa Afrika wa tabianchi, Rais akajiendesha kwa kigari kidogo cha stima cha manjano watu wakapiga makofi, msafara ukaja nyuma na mafuta yake. Kwanza hao hao walikata miti Uhuru Highway kujenga Expressway, 2020 wakaokoa mgumo mmoja Westlands tukaambiwa tushukuru. Mti mmoja! Mimi nikienda hicho kikao nitauliza maji yatarudi lini kwa mifereji.

mtoto_wa_36

NjeYaMfumo buda, kwa dunia uko sawa, sisi ni tone. Lakini wewe hukai Dandora.

Mimi nimezaliwa Phase 4, dampo nimelipata hapo. Lilifunguliwa 1975 kwa mashimo ya zamani ya kuchimba mawe, mzee wangu anasema waliambiwa ni la muda. 2001 likatangazwa limejaa. Limejaa! Na mpaka leo lori zinapanda juu yake kama zinapanda Ngong Hills, jiji linatoa zaidi ya tani elfu mbili za takataka kwa siku na nyingi ya zile zinazookotwa zinaishia kwetu, kando ya mto. 2021 korti ya mazingira iliamuru lifungwe kwa miezi sita. Hesabu miezi sita imeenda mara ngapi.

Sasa nieleze kitu ambacho watu wa tao hawajui. Kitu inaoza pale juu ya takataka, kwa hewa, inaoza vizuri tu kama mbolea ya shamba. Ikifunikwa na ingine na ingine, mita juu ya mita, chini hakuna hewa, hapo ndio inatoa gesi ya methani. Hiyo methani ndio inashika moto chini kwa chini, unaona moshi unatoka kwa mlima bila mtu kuwasha, wiki nzima, mvua ikinyesha inazidi kunuka. Mamangu ana kifua, dada yangu ana kifua, mtoto wake ana kifua. Usiniambie gesi ni ya Wazungu. Ni ileile inayopasha dunia joto na ileile inafanya tusilale.

Na hapa hakuna kusema ni ya serikali kuu. Dampo ni kazi ya kaunti kama vile Karani ameandika. Kila anayeingia anasema atageuza takataka ziwe umeme, hiyo wimbo nimeisikia nikiwa na nguo za shule na sai niko na mtoto wa shule. Siku moja wakasema watahamishia Ruai, watu wa uwanja wa ndege wakakataa juu ya ndege, wale marabou, ndege wakubwa wa dampo, wangeingia kwa injini. Kwa hivyo tukaachiwa sisi marabou.

karani_wa_takwimu

Mtoto wa 36 amesema kitu nilikuwa nazunguka. Niongeze mbili.

Moja, methani tani moja inapasha joto kama mara 28 ya kaboni ukihesabu kwa miaka mia, na ukihesabu kwa miaka ishirini ni kama mara 80. Inakaa hewani muda mfupi kuliko kaboni, kwa hivyo ukiizuia leo matokeo unayaona wewe mwenyewe, si vitukuu. Kwa jiji lenye stima safi tayari kama letu hakuna mahali pengine kaunti inaweza kupunguza haraka hivyo kwa mkono wake mwenyewe, bila kuomba ruhusa ya wizara.

Mbili, hiyo hadithi ya umeme wa takataka mimi huwa naiogopa kidogo. Zaidi ya nusu ya takataka za Nairobi ni vyakula, maganda, majani ya sukumawiki, vitu vimejaa maji. Kuchoma maji ni kazi ngumu. Kinachowaka vizuri ni plastiki, na plastiki ni mafuta, ukiichoma umerudisha kaboni ileile kwa mlango wa nyuma, halafu umemnyang'anya yule anayeokota chupa mkate wake. Njia rahisi ni kuzuia inayooza isifike dampo kabisa. Na sheria ipo tayari, ile ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022, inataka inayooza itenganishwe na isiyooza kuanzia pale inapotolewa. Sheria ya nchi nzima hiyo, si ombi.

kibuyu_cha_sabuni

Samahani naingilia, mimi ni wa kuokota takataka, tuko kundi la vijana mtaa fulani Eastlands, tunazunguka na mkokoteni tunalipwa na ploti. Hiyo sheria ya kutenganisha tulifurahia sana. Tukapitia kila nyumba tukaeleza akina mama, karatasi ya kijani inayooza, karatasi ya bluu isiyooza (hizo karatasi ni gunia, msianze kunikumbusha karatasi za plastiki zilipigwa marufuku 2017 najua). Akina mama wakatenganisha, wiki ya kwanza, ya pili, vizuri kabisa. Lori likaja, lori ni moja, halina sehemu mbili. Kijani na bluu zote zikarushwa ndani pamoja mbele ya macho yao. Mama mmoja alituangalia tu, akarudi kwa nyumba, na kutoka hiyo siku anatupa kila kitu kwa ndoo moja na sijawahi kuwa na uso wa kumwambia kitu.

Sasa sisi wenyewe tumeamua, inayooza hatupeleki kwa lori. Maganda tunauzia mtu wa nguruwe Ruai, mengine kuna dada anafuga wale funza wa nzi weusi wa kulishia kuku, anachukua gunia kumi mara tatu kwa wiki. Faida ni ndogo lakini gari la dampo tunalilipia safari chache. Shida ni nafasi. Tungepata hata kipande cha uwanja cha kutenganishia, chenye mabati juu na maji, si mbingu.

NjeYaMfumo

Sawa Dandora nimekuelewa, hiyo ya kifua sikuwa nimefikiria. Lakini maji bado nitauliza.

tembea_na_mimi

Mnaongea matatu na mabasi ya stima, hamjataja kundi kubwa zaidi. Zaidi ya asilimia 40 ya safari za Nairobi ni kwa miguu. Asubuhi simameni Landhies Road muone. Hao watu hawatoi gramu ya kaboni, hata hawahesabiwi kama mafanikio. Na wengi hawatembei kwa kupenda, wanatembea juu nauli ya mvua imepanda, siku wakipata pesa wanapanda matatu, wakipata zaidi wananunua boda ama Vitz ya mkopo. Sasa ukitaka chungu cha usafiri kisijae zaidi si ungewafanyia kutembea kuwe kuzuri?

Kaunti ilipitisha sera yake 2015 ya watu wa miguu na baiskeli, ikajiandikia yenyewe kwamba asilimia 20 ya bajeti ya usafiri itaenda huko. Yenyewe, hakuna mtu aliilazimisha. Tao pale Kenyatta Avenue, Wabera na Muindi Mbingu palitengenezwa enzi za NMS (ile ofisi ya serikali kuu iliyoshika kazi za kaunti), ni pazuri sikatai. Ukivuka Gikomba kwenda Eastlands njia ya miguu inaisha kama mazungumzo ya mtu amekatiwa simu, unajikuta kwa mtaro. Ploti ya kona, hiyo ni barabara za kaunti, uliza asilimia 20 iko ukurasa gani wa bajeti. Wana calculator.

dere_bila_clutch

Na ile laini nyekundu walipaka Thika Road 2018 eti ya BRT, njia ya mabasi ya haraka, imefutika kwa jua. Nimepita juu yake mara elfu.

karani_wa_takwimu

Hiyo ni NaMATA (mamlaka ya usafiri wa eneo la Nairobi) na serikali kuu dere, usimpe mwenzetu swali la kumkalisha chini 😅

ploti_ya_kona

Asanteni nyote, sijalala vizuri lakini niko tayari. Nimeandika kwa karatasi, mwenyekiti anatupatia dakika mbili kila mtu:

Swali langu la kwanza ni lile la mizani, mmepima tena lini. La pili ni takataka inayooza, kwa hii bajeti kuna shilingi ngapi za lori lenye sehemu mbili na za uwanja wa kutenganishia katika wadi yetu. La asilimia 20 ya miguu nimempatia jirani yangu aulize kwa dakika zake, yeye ana baiskeli. Soketi za stendi nimeshindwa kuziingiza, dere nisamehe.

mtoto_wa_36

Usikubali jibu la "tumelichukua". Waambie waandike kwa kumbukumbu za kikao na uombe kopi.

ploti_ya_kona

*(Ijumaa)*

Nimerudi. Tulianza saa tano badala ya saa tatu, dakika mbili zikawa moja. Nambari za tabianchi, afisa akasema mpango "unaendelea kutekelezwa" na kwamba miche imepandwa, watu walicheka sijui ni nani alikuwa amewaambia. Nikarudia, mmepima lini. Akasema hilo litajibiwa kwa maandishi. Nimeacha namba yangu na barua pepe, mwenye kuandika kumbukumbu aliandika nikiangalia, nilisimama nyuma ya kiti chake kama mwalimu wa mtihani.

La takataka ndilo lilichukua muda, mimi sikutarajia. Akina mama waliamka, kumbe hadithi ya kijani na bluu kurushwa pamoja iko kila ploti. Afisa akauliza kwa sauti, "na nyinyi mnatenganisha?" Mama mmoja wa Block J akamjibu, "Tulitenganisha, lori likachanganya." Hapo MCA, mwakilishi wa wadi yetu, akasema kiwanja cha nyuma ya soko la zamani kinaweza kuangaliwa. Kuangaliwa, si kupewa. Lakini kimetajwa na kimeandikwa.

Kibuyu cha sabuni, huyo dada wa funza anaweza kufika Umoja? Tuko ploti kumi na nne tumekubaliana kujaribu mwezi mmoja bila kungoja hicho kiwanja.

kibuyu_cha_sabuni

Anafika. Lakini msiweke chumvi na mafuta ya kukaanga kwa ndoo, na mifupa hataki. Nitumie inbox mahali na siku, Jumanne ama Ijumaa asubuhi kabla jua likali.